Jiwe Lililopikwa Mara Mbili

Profesa alipiga mstari mwekundu juu ya sentensi yangu, kisha akaizungushia duara, kana kwamba mstari peke yake haukutosha kuiua. Ilikuwa sentensi fupi. Nilikuwa nimeandika kwamba miamba ya mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika haikupikwa mara moja, bali mara mbili, ya pili ikifuata ya kwanza kwa karibu.

"Hii iondoe," akasema.

"Kwa nini, Profesa?"

"Ramani ya jiolojia inasema mara moja."

"Ramani ilichorwa na watu, Profesa."

Aliniangalia juu ya miwani yake. Alikuwa msimamizi wangu wa shahada ya pili ya jiolojia, mtu mpole aliyezoea wanafunzi kuitikia. "Na wewe mara ya pili umeionea wapi?"

"Kwenye hadubini."

"Yaani kwa macho. Binti, macho si kipimo. Niletee umri wa hilo jiwe, nitakusikiliza. Bila umri hiyo ni hadithi."

Nilitoka ofisini kwake nikiwa nimekasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba hapo kwenye umri alikuwa amesema kweli.

Nieleze nilichokuwa nimeona, maana kila kitu kilichofuata kilitokana nacho. Jiwe likikatwa jembamba kuliko karatasi, mwanga hupita ndani yake, na chini ya hadubini unaona jinsi lilivyoumbwa. Katika jiwe langu mlikuwa na garneti, vito vidogo vyekundu vyenye rangi ya komamanga. Garneti ya namna ile haioti juu ya ardhi. Inakua kilomita nyingi chini, mahali ambapo mwamba umebanwa na kuchomwa kwa sababu juu yake milima inajengwa. Kila garneti niliyoitazama ilikuwa na kiini na ganda. Ndani ya kiini, chembe ndogondogo zilikuwa zimelala kuelekea upande mmoja. Ndani ya ganda zililala kuelekea upande mwingine kabisa. Kito kilikua, kikasimama, kisha siku nyingine kikaanza kukua tena, na safari hii kilibanwa kutoka upande tofauti. Milima ilijengwa mara mbili mahali pale. Ndivyo nilivyoamini, na sikuwa na namna ya kuamini vinginevyo baada ya kukaa na kile kipande kwenye hadubini kwa miezi.

Basi nikaenda stoo kuchukua mawe yangu ili niyapeleke kupimwa umri. Nilikuwa nimeacha mawe kumi na moja kwenye rafu, kila moja na namba yake niliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito. Rafu ilikuwa tupu, imefutwa vumbi.

"Mawe yaliyokuwa hapa yako wapi, mzee?" nikamuuliza mtunza stoo.

"Tulifanya usafi," akasema. "Yalichukuliwa."

"Yakapelekwa wapi?"

Alinipeleka mwenyewe nyuma ya jengo, pale magari yanapoegeshwa. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimechimba dimbwi kubwa, na mtu mmoja mwenye akili alikuwa amelijaza kwa mawe na kokoto. Mawe yangu yalikuwa mle. Nilipiga magoti kwenye tope nikiwa na suruali niliyoivaa kwa ajili ya kumwona Profesa. Nilipata mawili. Namba zilikuwa zimefutika kwa matairi na maji. Jiwe ambalo hujui limetoka mlima gani na kwenye tabaka gani halina la kukuambia, hata likiwa na vito elfu.

"Mwanangu, nisamehe," mzee akasema. "Mimi nilijua ni mawe tu."

Sikumlaumu. Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa na miaka saba, nilipokuwa nikirudi kutoka Bangwe, rasi ya kwetu Kigoma, na mifuko ya sare imechanika kwa uzito wa mawe. Mawe ya Bangwe ni mchanga wa kale ulioshikamana ukawa mgumu, na kwenye mengine unaweza kuona mistari ya mawimbi ya maji ambayo hayapo tena. Mama alikuwa akiyakuta chini ya kitanda akifagia, anayatoa nje, mimi nayarudisha. Shangazi yangu alikuwa akisema, "Huyu mtoto ataolewa na mawe." Baadaye, nilipochaguliwa kusoma jiolojia chuo kikuu, alisema hivyohivyo, ila safari hiyo hakucheka.

Nilirudi kwa Profesa. Nikamwambia kilichotokea. Alisikitika, kwa kweli alisikitika, akanipa ushauri ambao naamini aliona ni wema.

"Ifute hiyo sentensi. Kazi iliyobaki ni nzuri, inatosha. Hitimu, uende na maisha yako."

"Nitarudi kuchukua mengine."

"Muda wako unakwisha."

"Umebaki muhula mmoja, Profesa. Nitarudi."

Akanyanyua mikono kama mtu anayeacha kamba iende. "Haya. Usije ukasema sikukwambia."

Nikapanda treni ya kwenda Kigoma.

Mama yangu anauza dagaa sokoni Kibirizi. Ameuza tangu kabla sijazaliwa, na mikono yake ina harufu ambayo sabuni imeshindwa nayo. Nyumbani kwetu ni Buzebazeba, nyumba ya tofali za kuchoma aliyoijenga mwenyewe baada ya baba kufariki, chumba kwa chumba, wakati shemeji zake wakimwambia arudi kijijini kwao. Aliwajibu "Oya," hapana ya Kiha, akaendelea kujenga. Ni neno fupi, na mama hulitumia bila kuongeza sababu.

Nilimkuta sokoni asubuhi, anachambua dagaa juu ya turubai. Nilimsalimia, nikachuchumaa, nikaanza kuchambua naye. Nilimweleza habari yote: sentensi, kalamu nyekundu, dimbwi.

"Walifukia dimbwi kwa mawe yako," akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Na huyo mwalimu anataka ufute ulichoandika."

"Anasema sina ushahidi. Ni kweli sina. Ninataka kwenda kuuchukua."

Alichambua dagaa kidogo. Halafu akauliza, "Hivi jiwe lina umri?"

"Lina umri, mama. Hata lililopikwa lina umri, na unaweza kujua lilipikwa lini."

"Unakwenda na nani?"

"Peke yangu. Nina barua ya kibali kutoka wilayani."

"Oya," akasema mama. Akamwita jirani yake wa meza ya pili, akamkabidhi turubai, dagaa na mwavuli, akamwambia atarudi baada ya wiki. Jirani akauliza kuna msiba gani. Mama akasema hakuna msiba, anamsindikiza binti yake kwenda kuchukua mawe. Nilisikia vicheko vikizunguka kutoka meza hadi meza. Mama alijifunga kitenge upya, akavaa kandambili zake, akatangulia.

Tulipanda boti la mbao linalopeleka abiria na mizigo vijiji vya kusini. Safari ilichukua siku nzima. Milima iliinuka upande wa kushoto, kwanza ya chini na yenye nyasi, halafu mirefu na yenye msitu, na miamba ilianza kubadilika rangi, kutoka wekundu wa Bangwe hadi kijivu chenye mistari myeupe. Nilimwonyesha mama pale mistari ilipokunjamana.

"Hiyo mikunjo ilifanyika mwamba ukiwa wa moto, mama. Umelainika lakini haujayeyuka."

"Kama ugali," akasema.

"Ugali mgumu sana."

Kijiji tulichoshukia ndicho nilichochukulia mawe ya kwanza miaka miwili nyuma, nikiwa na kundi la wanafunzi na walimu. Safari ile tulikaa siku mbili, tukavunja, tukabeba, tukaondoka. Sikumbuki kama nilizungumza na mtu yeyote wa pale zaidi ya kununua mihogo. Nilidhani nitafanya vivyo hivyo tena. Nilimpelekea mwenyekiti wa kijiji barua yangu, nikamwamkia, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake nikisubiri mhuri.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amevaa koti juu ya fulana. Aliisoma barua yote, neno kwa neno, akaikunja, akanirudishia.

"Barua ni ya wilaya," akasema. "Jiwe ni la hapa."

"Lakini Mwenyekiti, barua inasema nimeruhusiwa."

"Imekuruhusu wilaya. Mimi sijakuruhusu. Wewe si ulikuja hapa na wenzako? Mlikuwa na gari la bluu."

"Ndiyo, nilikuja."

"Mlichukua mawe. Mkasema mnakwenda kuyapima. Mmeyapima?"

Nilifikiria dimbwi.

"Hapana, Mwenyekiti."

"Yako wapi?"

Ningeweza kusema uongo. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, na kwa mama huwezi. "Yalitupwa. Wakafukia nayo shimo la maji."

Watu waliokuwa wamesimama karibu walianza kunong'ona. Mwenyekiti hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alitikisa kichwa polepole. "Kabla yenu walikuja wengine, na kabla yao wengine. Wote wanabeba. Hata mmoja hajarudi kutuambia ni mawe gani haya. Mnatafuta dhahabu mnaona haya kusema. Mawe hayatoki tena hapa. Nimemaliza."

Nilikuwa nimejiandaa kupambana na Profesa, na wanaonicheka sokoni, na shangazi. Sikuwa nimejiandaa kupambana na mtu aliyekuwa anakataa kwa sababu ileile niliyokuwa nakataa mimi: hakutaka mawe yachukuliwe kuwa mawe tu. Mama ndiye aliyesema.

"Mwenyekiti, mimi nauza dagaa Kibirizi. Sijui habari ya mawe. Lakini huyu ni wangu, na nitamrudisha hapa mwenyewe aje awaambie. Asipokuja, nitakuja mimi, mnizomee mimi."

"Mama, wewe utakuja kutuambia nini?"

"Nitakuja kuwaambia binti yangu ni mwongo. Unadhani nataka kuja kusema hivyo?"

Watu wakacheka, na Mwenyekiti akacheka kidogo pia, kwa kulazimika. Nilisimama. Nikasema nitarudi na majibu, yawe mazuri au mabaya, na kwamba nitavunja mawe mbele ya yeyote anayetaka kuona, na kila jiwe nitakalobeba litaachiwa pacha lake ofisini kwake, lenye namba ileile. Wazo la pacha lilinijia palepale. Tangu siku hiyo sijawahi kuchukua sampuli bila kuacha nyingine kijijini.

Mwenyekiti akainua kidole kimoja. "Gunia moja," akasema.

Tulipanda kesho yake asubuhi hadi kwenye korongo la mto, tukifuatwa na watu kama ishirini. Mwanaume mmoja alinyoosha mkono achukue nyundo yangu ya kilo mbili. "Lete, dada, hiyo si kazi yako."

"Ni kazi yangu," nikamwambia. "Hii ndiyo kazi yangu hasa."

Nilivunja kuanzia asubuhi hadi jua likawa utosini. Mwamba wa namna ile hauvunjiki kwa hasira. Unatafuta mahali tabaka lilipokubali, unapiga papo hapo, unasikiliza sauti. Kipande cha tatu kilipofunguka, garneti zilijitokeza, kubwa kama punje za mahindi, na watu wote wakasogea. "Hii hapa dhahabu yake!" mtu akapiga kelele. Nilimpa ashike. Nikampa na mwingine, na mwingine. Niliwaambia vito vile vimejaa nyufa na havifai hata kwenye pete, na wakitaka wachukue vyote vilivyodondoka. Walichukua. Mama alikaa kwenye kivuli cha mwamba akiandika namba kwenye mapacha kwa kalamu yangu, kwa mwandiko wake mkubwa wa darasa la nne.

Tuliondoka na gunia moja la mawe, na mama akanunua magunia mawili ya makopa, mihogo ile mikavu, maana alisema hawezi kurudi Kigoma mikono mitupu kama mtalii.

Upepo ulitukuta mchana, tukiwa mbali na ufuko. Ziwa letu watu wa mbali hulidhani ni la utulivu kwa sababu ni ziwa. Mawimbi yalianza kuingia kwa upande, na vijana wawili wa boti wakawa wanachota maji kwa ndoo bila kupumzika. Nahodha alitazama mzigo wake, akapaza sauti.

"Kila mtu apunguze! Vizito vyote nje!"

Watu walianza kutupa. Mwanamke mmoja alitupa mkungu wa ndizi huku analia. Nahodha akaja hadi kwetu akalipiga teke gunia langu.

"Humu mna nini?"

"Mawe," nikasema.

Alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Mawe."

"Watu wanatupa chakula, wewe umekaa na mawe? Tupa!"

Kabla sijajibu, mama alishika gunia lake la kwanza la makopa, akalisukuma ukingoni, likaenda. Akashika la pili, likaenda pia. Alirudi akakaa juu ya gunia la mawe. "Nimeshatupa ya watu wawili," akamwambia nahodha.

Nahodha alinigeukia mimi. Wimbi likapiga, sote tukalowa. Niliwatazama wale watu, mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake, yule mwanamke wa ndizi, na nikajua kwamba ubishi una mipaka, na kwamba nikikaa juu ya gunia zima mtu akafa, hakuna sentensi itakayonisafisha. Nilimwambia mama anyanyuke. Nikafungua gunia. Nilitupa jiwe kubwa kuliko yote, lile nililolipenda. Nikatupa la pili, na la tatu, nikisoma namba kwa sauti kabla ya kuyaachia ili nisisahau ni yapi yamebaki. Nilitupa na hema, na viatu vya akiba. Yalipobaki matatu, kila moja kama mkate, niliyakumbatia mapajani.

"Na hayo," nahodha akasema.

"Haya hapana. Labda unitupe mimi."

Aliniangalia, maji yakimtiririka usoni. Halafu mama akasema, kwa sauti yake ya sokoni, "Umesikia? Nenda kashike usukani, baba. Unatupotezea muda." Na nahodha akaenda.

Tulifika Kigoma jioni, boti limejaa maji hadi vifundoni. Mama hakusema neno kuhusu makopa, siku ile wala baadaye.

Kipimo cha umri hakikuwepo nchini kwa namna niliyoihitaji. Niliandika barua pepe nyingi hadi maabara moja ya nchi ya baridi ikajibu kwamba wana nafasi na watanilipia safari, nami niende na sampuli zangu. Nilipata kibali cha kuyasafirisha mawe, nikayabeba kwenye begi la mkononi, maana sikuwa tayari tena kuyaacha yatoke machoni pangu.

Kule nilijifunza subira. Unasaga jiwe hadi liwe unga. Unaliosha kwenye maji, ukitikisa, vyepesi viende, vizito vibaki. Mama hupepeta mchele ili atoe mawe. Mimi nilipepeta jiwe ili nitoe chembe za zirkoni, ambazo macho matupu hayawezi kuzitofautisha na vumbi. Unaziokota moja moja kwa sindano, chini ya hadubini, siku baada ya siku.

Nitaeleza kwa nini tunasumbuka na hizo chembe. Zirkoni inapozaliwa hukubali urani kidogo ndani yake, lakini risasi huikataa. Risasi, madini yale mazito. Haina nafasi yake. Kisha urani ile huanza kugeuka yenyewe kuwa risasi, kwa mwendo usioharakishwa na joto wala kucheleweshwa na baridi, mwendo ambao wanasayansi wanaujua. Kwa hiyo risasi yoyote utakayoikuta mle imezaliwa humohumo. Ukipima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unajua chembe ina umri gani. Na mwamba ukipikwa tena, chembe ya zamani haifi. Inavaa ngozi mpya juu ya ile ya kwanza, na ngozi ile huanza kuhesabu upya.

Mwanamke aliyeendesha mashine alikuwa na mvi na maneno machache. Alipiga miale midogo kwenye viini kwanza. Namba zikaja: karibu miaka bilioni mbili. Hilo lilikubaliana na ramani. Akahamia kwenye ngozi ya nje. Nilishika meza.

"Hii ni tofauti," akasema.

"Tofauti kiasi gani?"

Alirudia kwenye chembe nyingine kabla ya kunijibu, na nyingine tena. "Tofauti sana. Tazama mwenyewe."

Nilitazama. Kulikuwa na mara mbili. Lakini mimi nilikuwa nimeandika kwamba mara ya pili ilifuata ya kwanza kwa karibu, kama mpishi anayerudisha sufuria jikoni kabla halijapoa. Namba zilisema kati ya mara ya kwanza na ya pili ilipita zaidi ya miaka bilioni moja. Milima ya kwanza ilijengwa, ikasimama, ikaliwa na mvua na upepo hadi ikaisha, na muda mrefu mno baada ya kuisha, vipande vya bara viligongana tena na milima mingine kabisa ikainuka mahali palepale. Nilikaa kwenye kiti. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa nimekosea vibaya, yote kwa dakika moja.

Profesa alizisoma namba kwa makini. Alirudi nyuma, akazisoma tena.

"Kwa hiyo ulikosea," akasema.

"Nilikosea umri, Profesa. Idadi sikukosea."

"Uliandika kwamba zilifuatana."

"Na nimeandika upya. Ukurasa wa sitini."

Alifungua ukurasa wa sitini. Alisoma sentensi mpya, ambayo ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani na yenye tahadhari zaidi. Hakuipiga mstari. Baadaye, alipokuwa akinisindikiza mlangoni, alisema, "Ningekuwa wewe ningeifuta siku ile."

"Najua, Profesa."

Nilihitimu. Sasa ninafanya kazi ya jiolojia mkoani kwetu, na shangazi bado ananiombea mume.

Nilirudi kijijini miezi minne baada ya kuhitimu. Mama alikuja pia, ingawa nilimwambia hakuna haja. Mwenyekiti aliitisha mkutano chini ya paa la shule, na mapacha ya mawe yakaletwa yamepangwa juu ya dawati, namba za mama bado zikisomeka. Niliwaeleza yote. Niliwaeleza na mawe niliyotupa ziwani. Niliwaambia mahali walipokaa palikuwa chini ya milima mirefu, mara mbili, na kwamba milima wanayoiona leo si ile ya kwanza wala ya pili.

"Na dhahabu?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Kwenye mawe haya hakuna."

Kulikuwa na manung'uniko. Nilidhani yameishia hapo. Ndipo akasimama mwanamke wa rika langu hivi, msuka mikeka, mkono mmoja kiunoni.

"Mimi sijakubali," akasema. "Unasema lilipikwa mara mbili. Nani alikuwepo?"

"Hakuna aliyekuwepo, dada."

"Na hiyo risasi. Unasema jiwe dogo liliikataa lilipozaliwa. Umejuaje liliikataa? Labda ilikuwamo tangu mwanzo mkaihesabu tu."

Lilikuwa swali zuri kuliko lolote nililoulizwa siku ya kutetea tasnifu yangu, na yeye mwenyewe aliona kwamba ni zuri, kwa sababu hakukaa. Mwenyekiti alitaka kumkatiza, akamwambia mgeni amechoka. Nikasema sijachoka. Nikachukua chaki, nikageukia ubao.

Nilikuwa bado nachora ubaoni, na boti la kuturudisha likapiga honi ufukweni, mara ya kwanza, halafu ya pili. Mama alitoka nje akaangalia, akarudi akaketi.

"Limeondoka?" nikamuuliza.

"Nimewaambia waende," akasema. "Huyu dada hajakubali bado."